TSH ikikaa sawa, hujapona

Juzi tena. Mama mmoja wa Uyole, ambaye tezi yake ya shingo imelegea, sweta juu ya sweta, ananiwekea karatasi ya maabara kaunta: "Daktari, TSH imeshuka vizuri, nimepona. Vidonge nimeacha wiki tatu sasa, na mwili uko safi." Kwanza, mimi ni mfamasia. Pili, mama yangu, damu hiyo ilipimwa ukiwa bado unameza.

TSH, homoni inayopimwa kwenye damu, ni kelele za ubongo kwa tezi ya shingo: fanya kazi! Kelele zimepungua kwa sababu kidonge kinaifanya kazi ambayo tezi imeshindwa. Kiondoe, zitarudi. Ila hazirudi kesho, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Levothairoksini, ndiyo dawa iliyo kwenye kidonge hicho, huchukua kama siku saba kupungua nusu mwilini. Ukiacha Jumatatu, Jumatatu ijayo nusu bado ipo, inayofuata robo. Wiki zote hizo unajiona mzima, unashawishi hadi wenzako wa kwaya waache. Kisha kinakuja choo kigumu, usingizi, ngozi kukauka, baridi. Na Mbeya mwezi wa saba, nani hasikii baridi? Lawama zote zinaiendea hali ya hewa.

Ndiyo maana pia tukibadili dozi tunasubiri wiki sita hadi nane kabla ya kupima. Unayepima baada ya siku kumi, hela yako imepotea.

Chai nitaipitia haraka: kidonge na maji matupu, tumbo tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya maziwa. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalisi, masaa manne mbali. Umepata mimba? Nenda kliniki mapema, dozi mara nyingi hupanda.

"Si tunakula chumvi ya madini joto?" Ndiyo, na imepunguza sana rovu huku kwetu. Lakini tezi iliyokatwa, au iliyoharibiwa na kinga ya mwili wenyewe, kuipa madini joto ni kupeleka mahindi kwenye mashine iliyong'olewa mota.

Nikiri: si kila mtu ni wa kumeza vidonge maisha yote. Wapo ambao tezi hulegea baada ya kujifungua, kisha ikaamka. Hao daktari huwapunguzia dozi huku akipima. Wapo pia ambao TSH iko sawa na bado wamechoka. Tunatafuta upungufu wa damu, tunatafuta hiki na kile, mara nyingine hatupati kitu. Kuwaambia "uko sawa" naona ni kama kuwafukuza dukani.

Mama alichukua vidonge vyake. Akauliza kama anaweza kunywa usiku, maana alfajiri chai haimsubiri mtu. Anaweza, masaa matatu baada ya ugali.