Volti 12 haziponyi kila kitu: dhana potofu kuhusu umeme wa Ford 8N

Ford 8N, trekta ya petroli iliyoundwa Marekani kuanzia 1947 hadi 1952, ilitoka kiwandani na betri ya volti 6, upande wa chanya ukiwa ndio uliofungwa kwenye bodi. Ikigoma kuwaka asubuhi, mwenyewe huambiwa jambo moja: ipeleke kwenye volti 12, yaani ifunge betri ya volti 12 na alteneta (kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka).

Husemwa kwamba volti 6 ni dhaifu mno. Si kweli. Zikiwa mpya, trekta hizi ziliwaka kwa volti hizohizo, hata kwenye baridi kali. Kinachochoka ni nyaya. Kwa nguvu ileile, volti 6 huhitaji ampea (wingi wa umeme unaopita) mara mbili ya volti 12, kwa hiyo waya wa betri lazima uwe mnene. Mtu anafunga waya mwembamba wa gari dogo, stata (mota ya kuwashia injini) inajivuta, lawama inaangukia betri. Nusu volti ikipotea kwenye kiungo chenye kutu, zaidi ya asilimia 8 ya umeme wako imekwenda. Mimi ningekwangua viungo vyote hadi ving'ae, hasa pale waya wa bodi unaposhika, kabla ya kutoa hata senti ya alteneta.

Dhana inayounguza vifaa zaidi ni kwamba ukibadilisha betri na alteneta, kazi imekwisha. Koili ya cheche, ile inayopandisha umeme wa plagi, ikiwa ya volti 6 na ikapewa 12, hupitisha umeme maradufu; inachemka, na pointi (swichi ndogo inayokata umeme wake) zinaungua. Kwenye 8N za mwanzo, kabla distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) haijahamishiwa ubavuni mwaka 1950, koili ya mraba hukaa juu ya distribyuta mbele ya injini, na nyuma ya dashibodi kuna rezista (kipunguza umeme) ya kiwandani. Watu huing'oa wakidhani ni masalia ya volti 6. Tafadhali iache. Ukibakiza koili ya zamani, ongeza rezista nyingine ya omu 1, zifuatane kwenye waya mmoja. Taa nazo zibadilishwe balbu.

Je, upande wa hasi ukifungwa kwenye bodi, kama mfumo wa alteneta unavyotaka, stata itazunguka kinyume? Haizunguki kinyume. Umeme wa koili zake za nje na wa rota hubadili upande kwa pamoja, kwa hiyo mwelekeo wa mzunguko unabaki uleule. Kwa volti 12 inazunguka kwa kasi zaidi tu, basi usiikandamize muda mrefu. Vinavyotaka kugeuzwa waya ni ameta (kipima ampea cha dashibodi) na koili ya cheche.

Trekta ikikataa kuzimika baada ya kufunga swichi, wengi hudhani alteneta ni mbovu. Mara nyingi ni umeme unaorudi kwenye koili kupitia waya mdogo wa alteneta. Diodi moja (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) au taa ndogo ya onyo kwenye waya huo huuzuia.



Na ile ahadi kwamba volti 12 huleta cheche kali zaidi? Rezista ikiwa sahihi, koili hupata umeme uleule wa zamani, hivyo cheche ni ileile. Anayetaka cheche nzuri apime mwanya wa pointi: inchi 0.015 kwa distribyuta ya mbele, 0.025 kwa ile ya ubavuni. Baadhi ya trekta zinazodaiwa kufa umeme huwa zimewekewa mwanya wa distribyuta isiyo yao.