Kuorodheshwa kwa Jengo la Kale Si Kunyang'anywa: Maelezo kwa Wakaaji wa Lubumbashi

Tangu kazi ya kuorodhesha majengo ya kale ya mji wetu ianze, malalamiko mawili yanatufikia karibu kila siku. Wenye nyumba za katikati ya mji wanahofia kwamba Leta, yaani serikali, inakuja kuwanyang'anya, na wakaaji wa Kamalondo, mtaa waliotengewa Waafrika enzi za ukoloni, wanauliza kwa nini tunalinda nyumba walizojijengea Wabelgiji ilhali za wazazi wao zinabomolewa bila mtu kujali. Lalamiko la kwanza ni kosa, nasi tumechoka kulijibu. La pili lina haki.

Sheria ya mali za utamaduni, namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, haimtoi mwenye jengo katika jengo lake. Kinachokatazwa ni kulibomoa au kuligeuza sura bila idhini, na idhini huombwa kabla ya kazi kuanza, kwa maandishi. Haiombwi kwa simu, wala baada ya fundi kung'oa madirisha, wala kupitia ndugu anayefanya kazi ofisini. Anayejitetea kwamba alikuwa anabadilisha mabati tu, naye alipaswa kuuliza.

Kuhusu Kamalondo, tukumbuke kwamba mji huu, ulioanzishwa mwaka 1910, ulichorwa ukiwa umegawanyika: Wazungu upande mmoja, Waafrika upande wa pili, na katikati ukanda mtupu ambao wakoloni waliutetea kwa jina la afya. Orodha ya urithi inayojaa kanisa kuu, posta na majumba ya makampuni, kisha ikakomea ukingoni mwa ukanda ule, inauchora upya.

Si mji wetu peke yake uliogawanywa. Kisiwani Kupro, mji wa Nicosia bado umekatwa, Waturuki kaskazini na Wagiriki kusini, na eneo linalolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Hata hivyo viongozi wa pande mbili walianza kushirikiana kwa jambo lisilo na fahari yoyote, mabomba ya maji machafu, na mwaka 1979 wakakubaliana kuandaa mpango mmoja wa mji mzima. Kamati ya pamoja ya Wagiriki na Waturuki wa kisiwa hicho, iliyoundwa mwaka 2008, hukarabati makanisa yaliyobaki kaskazini na misikiti iliyobaki kusini. Mgogoro haujaisha, na kamati haikuundwa kuumaliza. Paa likivuja linazibwa bila kungoja mkataba wa amani.

Kwa hiyo wakaaji wa Kamalondo wenye hati za viwanja, picha za zamani au wazee wanaokumbuka nani alijenga nini, tunawaomba waje. Picha hunakiliwa mbele ya mwenyewe na kurudishwa palepale, hatubaki nazo.