Anayeamini nadharia za njama si mjinga wala mgonjwa wa akili

Jamaa wanaonijia kuomba ushauri kuhusu ndugu yao aliyezama katika nadharia za njama, yaani imani kwamba kundi fulani linaendesha mambo makubwa kwa siri, huanza, karibu wote, kwa kusema kwamba ama amepungukiwa akili, ama hakusoma vya kutosha, ama anahitaji dawa. Dhana hii hunisikitisha kuliko nyingine zote, kwa sababu anayeishikilia huacha kumsikiliza ndugu yake.

Ukweli ni kwamba imani hizi huota katika fikra za kawaida tulizo nazo sote. Akili ya binadamu hutafuta mpangilio katika mambo, na huutafuta kwa bidii zaidi mtu anapohisi kwamba maisha yake yamemponyoka. Mwaka 2008, watafiti Jennifer Whitson na Adam Galinsky walionyesha kwa majaribio kwamba watu waliofanywa wajihisi hivyo waliona picha katika madoa yasiyo na picha, na walikuwa wepesi zaidi kuhisi njama. Vilevile tunataka tukio zito liwe na chanzo kizito, na ndiyo maana wengi hawaridhiki kuambiwa kwamba Rais John F. Kennedy wa Marekani aliuawa mwaka 1963 na mtu mmoja mwenye bunduki. Elimu hupunguza mwelekeo huu bila kuuondoa. Kuhusu ugonjwa, tofauti iko wazi: mgonjwa mwenye njozi za kuandamwa kwa kawaida huamini kwamba anawindwa yeye binafsi, ilhali mwenye nadharia ya njama huona jamii nzima imelengwa, na wapo wengi wanaoamini pamoja naye.

Isitoshe, shaka yake mara nyingine ina msingi. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende huko Tuskegee bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida. Anayeijua historia hiyo ana haki ya kuwauliza maofisa wa afya maswali magumu. Hata hivyo, uovu wa Tuskegee ulifichuliwa kwa nyaraka na mashahidi, ilhali nadharia nyingi za njama huhesabu hata kukosekana kwa ushahidi kuwa dalili kwamba umefichwa, na hapo ndipo fikra inapopotoka.

Wengine huilaumu intaneti kwa kila kitu. Intaneti huharakisha uvumi, lakini moto ulipoiteketeza Roma mwaka 64 baada ya Kristo wapo waliodai kwamba Kaizari Nero mwenyewe ndiye aliyeuwasha.

Dhana ya mwisho, kwamba watu hawa hawabadiliki kamwe, nayo si kweli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, mazungumzo mafupi na programu ya akili unde, iliyojibu hoja mahususi za kila mshiriki, yalipunguza imani yao kwa takriban asilimia 20, na athari hiyo ilikuwapo hata baada ya miezi 2. Kwa hiyo nawasihi jamaa wamwombe ndugu yao aeleze ni ushahidi gani hasa uliomshawishi, wamsikilize hadi amalize, kisha waujibu ushahidi huo huo alioutaja, tena faraghani, kwa maana aliyeumbuliwa mbele ya ukoo mzima hupata sababu mpya ya kung'ang'ania.