Je, wajua kwa nini mshale hulazimika kujipinda ili uende sawa?

Upinde wa jadi, ule wa mti mtupu, hauna kidirisha cha kupitishia mshale katikati. Mshale huegemea ubavuni. Upinde ukiwa na upana wa sentimita 3, mshale unakaa zaidi ya sentimita 1.5 pembeni mwa njia inayopita kamba. Ukivuta hadi mwisho, ncha huelekea karibu sawasawa na shabaha, lakini kamba inaporudi mbele, ubavu wa upinde unazidi kuisukuma nje. Basi anayevuta kwa mkono wa kulia, mshale ukiwa upande wa kushoto wa upinde, angetarajiwa kupiga kushoto kila mara. Mbona hapigi?

Jibu ni kwamba mshale haubaki umenyooka. Vidole vinapoachia, kamba huteleza kidogo kando, huku ikiusukuma mkia kwa nguvu wakati ncha bado inasita kwa uzito wake. Uti, yaani kijiti chenyewe cha mshale, hauna budi kupinda. Kwanza tumbo lake huelekea upinde, kisha hugeuka na kutunisha nje, na mkia unapofika kwenye upinde unapita bila kugusa. Mshale umeuzunguka upinde. Baada ya hapo huendelea kujipinda huku na huku kama samaki majini, ukitulia polepole kwenye mstari wa shabaha. Kamera za kasi za miaka ya 1930 zilionyesha haya yote waziwazi.

Hapo ndipo kazi ilipo: mpindo huo lazima uendane na upinde wako. Uti mgumu kupita kiasi hauwahi kuuzunguka upinde, hivyo hutupwa kushoto. Uti mlegevu hupinda kupita kiasi na kwenda kulia. (Kwa anayevuta kwa mkono wa kushoto, geuza yote.) Mishale miwili inayofanana kwa macho inaweza kutofautiana sana, maana ugumu wa uti hufuata kipeo cha nne cha unene wake: ongeza kipenyo kwa asilimia 10 tu, ugumu unapanda kwa takriban asilimia 46.

Ugumu wenyewe hupimwa kirahisi. Kwa uti wa mti, kipimo cha zamani ni kuulaza juu ya mihimili miwili iliyoachana inchi 26, kuning'iniza pauni 2 katikati, kisha kusoma umebonyea kiasi gani. Gawanya 26 kwa jibu hilo. Ukibonyea inchi 0.52, unapata 50, yaani unakadiriwa kufaa upinde unaovutwa kwa nguvu ya pauni 50. Nasema unakadiriwa kwa sababu namba hiyo ni mahali pa kuanzia tu. Uti mrefu hupinda kirahisi kuliko mfupi, na chembe (kichwa cha mshale) kizito huulegeza zaidi. Upinde usiochongwa kidirisha nao hutaka mshale laini kuliko upinde wenye kidirisha wa nguvu ileile, kwa kuwa safari ya kuuzunguka ni kubwa zaidi.

Basi utajuaje? Piga mishale kadhaa yenye manyoya, kisha mmoja usio na manyoya kabisa, wenye uti na chembe sawa na ile mingine. Manyoya hurekebisha makosa angani na kuyaficha. Mshale mtupu hauna pa kujificha. Anza karibu, mita 10 hivi, kwa sababu uti wa mti ukigonga shabaha kwa mshazari huweza kuvunjika.

Shughulikia juu na chini kwanza. Mshale mtupu ukichoma chini ya wenzake, alama ya kupachika mshale kwenye kamba iko juu mno. Ukichoma juu, iko chini mno. Wengi hurukia kukata uti kabla ya kusahihisha hili, na uti uliokatwa haurefuki tena.

Kisha tazama kushoto na kulia. Mtupu ukienda kushoto ni mgumu: weka chembe cha gramu 8 badala ya 6.5, au upige msasa uti wa mti upungue unene. Ukienda kulia ni mlegevu: punguza chembe, au kata uti milimita 6 hivi, upige tena, ndipo ukate tena. Kwa hiyo anza na uti mrefu kuliko unaouhitaji. Mimi huamini zaidi mahali mshale ulipochoma kuliko jinsi mkia wake ulivyoelekea, kwani shabaha yenyewe huweza kuupotosha mkia.

Kuna mtego mmoja. Uti mgumu sana huweza kugonga upinde, ukadunda na kwenda kulia kana kwamba ni mlegevu. Sikiliza mgongano wakati wa kuachia. Ukiwa na shaka, paka unga wa chaki ubavuni mwa upinde, piga, kisha angalia: mkwaruzo kwenye chaki, karibu na mahali mshale unapoegemea, unaonyesha mkia uligusa ukipita.

Kwa uti wa mti, tazama pia mistari ya ukuaji. Upande inakoonekana mistari iliyonyooka ndio mgumu zaidi, na ndio unaoelekezwa kwenye upinde. Mkato wa mkiani hukatwa kuvuka mistari hiyo, la sivyo kamba itaupasua uti.