Folda si moduli

Kaa na vijana wa programu hapa Mombasa, iwe Tudor au Nyali, na kahawa haijapoa utamsikia mmoja wao akijigamba kwamba mradi wake "umegawanywa kwa moduli". Mwambie akufungulie uone. Mara nyingi utakuta folda tu: moja ya skrini, moja ya hifadhidata, moja ya fomu, na ile isiyokosekana ya kutupia makorokoro, inayoitwa utils.

Moduli ni sehemu ya programu inayoficha uamuzi fulani na kuwaachia wengine njia chache za kuitumia bila kuujua uamuzi wenyewe. Maana yake ni hiyo tu. Kinachoniudhi ni watu kuisoma na kulishika neno "sehemu", kisha kuliacha neno "kuficha".

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1972 David Parnas, mtaalamu wa uundaji wa programu, aliandika katika jarida la kompyuta la Communications of the ACM akiuliza programu igawanywe kwa kigezo gani. Alichukua programu ndogo ya kutengeneza faharasa, akaigawa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilifuata hatua za kazi: kusoma mistari, kuzungusha maneno yake, kuipanga kialfabeti, kuichapa. Ya pili ilianza kwa kuorodhesha maamuzi magumu na yale yanayoelekea kubadilika, kila moduli ikapewa uamuzi wake wa kuficha. Programu ni ile ile na jibu ni lile lile. Lakini badilisha namna mistari inavyohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta: katika mgawanyo wa kwanza unagusa kila sehemu, katika wa pili unagusa moja.

Wakenya tulipata mtihani wetu wa namna hiyo. Kwa miaka mingi namba ya simu ya mkononi ilikuwa 07 na kitu. Kisha zikaja za 01. Angalia mfumo wa kawaida wa duka unaopokea malipo ya M-Pesa. Skrini ya kujisajili inakagua kwamba namba inaanza na 07. Fomu ya malipo nayo inakagua, halafu inaondoa sifuri na kuweka 254 mbele kabla ya kuituma Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa. Ripoti ya mwisho wa mwezi ina ukaguzi wake. Folda zote ni nadhifu, kila faili liko kwa wenzake, na bado habari ya 07 imetapakaa mradi mzima. Mteja wa 01 anakataliwa mlango huu, anapita ule. Kama ujuzi wa sura ya namba ungekaa mahali pamoja, na hao wengine wakabaki kuuliza tu "hii ni sahihi?", lingerekebishwa faili moja.

Najua utetezi unaokuja: lugha ya programu ya Python huliita kila faili moduli. Ni kweli, lakini hilo ni jina la lugha, halikuhakikishii kwamba kuna kilichofichwa. Lugha ya Go angalau inakaza kidogo: ukiweka msimbo ndani ya folda iitwayo internal, zana ya Go ya kujenga programu itawakataza walio nje ya folda iliyobeba hiyo internal kuuleta kwao na kuutumia. Pale folda ina nguvu, kwa sababu kuna anayelinda mlango. Na msimbo wa Linux una folda ya fs, zinamokaa aina za mifumo ya faili, yaani namna za kupanga faili kwenye diski, kama ext4; programu yako hufungua faili bila kujali limehifadhiwa kwa aina ipi, kwa kuwa tabaka la VFS, linalopokea maombi ya programu na kuyapeleka kwa mfumo wa faili unaohusika, limesimama katikati. Mpaka wa kweli pale ni VFS. Jina la folda linakusaidia kufika tu.

Kufika nako ni kazi. Mradi wenye maelfu ya faili usiopangwa humchosha mgeni kabla hajaandika mstari mmoja, kwa hiyo panga, tena panga vizuri. Ila, ndugu yangu, ukishahamisha faili kutoka folda hii kwenda ile, sema umezipanga. Neno moduli liweke kando kwanza, mpaka utakapoweza kutaja ni uamuzi gani umefichwa mle ndani na ni faili zipi za nje zisizoujua.