Mzazi anajua nini kuhusu chanjo, na sisi tunamuulizaje?

Muulize mama aliye kwenye foleni ya kliniki kama chanjo ni nzuri kwa mtoto. Atasema ndiyo. Aseme nini kingine, na muuguzi mwenye sindano amesimama palepale? Swali la namna hiyo hupima adabu ya mama, si msimamo wake. Ndiyo maana ni vyema mahojiano yafanyike nyumbani, na anayeuliza asivae sare.

Ujuzi na mtazamo ni vitu viwili. Yupo mzazi anayejua kila tarehe na bado ana hofu. Yupo asiyeweza kutaja chanjo hata moja lakini hakosi kliniki. Ujuzi una jibu sahihi. Kwa ratiba ya Tanzania, mtoto hupata BCG (chanjo ya kifua kikuu) na matone ya polio akizaliwa, hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha huchanjwa surua na rubela akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo mtihani hasa, kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba mambo yaliisha kwenye miezi 9. Usimtajie umri. Muulize, "Mwanao anarudi lini kuchanjwa?" kisha nyamaza.

Mtazamo hauna kosa wala pata. Hapo tunamsomea kauli, kwa mfano "Homa ya baada ya chanjo inanitisha kuliko surua," naye anasema anakubali au anakataa kwa kiasi gani. Baadhi ya kauli zielekee upande wa pili, maana wapo wanaoitikia kila kitu ili umalize wakapike.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaogusa mambo manne: anachofikiri na kuhisi mzazi, wanachosema watu wanaomzunguka (baba na bibi wa mtoto wamo), nia yake, na vikwazo vya kufika na kuhudumiwa. Hili la mwisho ndilo ninaloliona likisahaulika mara kwa mara. Kichupa cha surua na rubela chenye dozi 10 kikishachanganywa hakipaswi kutumika baada ya saa 6. Muuguzi anayeogopa kumwaga dozi humwambia mama aliyefika peke yake arudi siku yenye watoto wengi, ingawa ushauri ni kukifungua hata kwa mtoto mmoja. Mama asiporudi, dodoso lisilouliza yaliyompata litamhesabu kuwa mzembe. Kumbe alikuja.

Kabla ya kuaga, omba kadi ya kliniki. Mwenye watoto wanne huchanganya ya huyu na ya yule. Kadi ikiwa imepotea, tazama kovu la BCG begani, ila usilitegemee sana: wapo waliochanjwa ambao kovu halikutokea.