Elimu kwa Umma: Malezi ya Mtoto Mwenye Kwao Kuwili

Kila shule zinapokaribia kufungwa mwezi Desemba, foleni katika ofisi yetu ya ustawi wa jamii hapa Dar es Salaam hurefuka, na wengi wa wanaokuja ni wazazi wanaobishana mtoto akale sikukuu wapi, Moshi kwa babu mzaa baba au Morogoro kwa bibi mzaa mama. Ukiufuatilia ubishi huo kidogo tu, unakuta chini yake kuna jambo ambalo halikuwahi kuzungumzwa tangu siku ya harusi, nalo ni mtoto huyu analelewa kwa mila za nani, kwa dini ya nani na kwa lugha ya nani. Ninaandika makala hii kwa sababu wengi wao wangeweza kuyamaliza mambo hayo sebuleni kwao, na kwa sababu baadhi ya yale wanayotueleza kuwa ndiyo sheria hayamo katika sheria yoyote.

Nianze na lile linalotusumbua kuliko mengine. "Mtoto akifikisha miaka saba ni wa baba." Maneno hayo tunayasikia kila wiki, tena kutoka kwa watu wazima wenye elimu na nia njema. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kuwa mtoto aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni kwa manufaa yake kukaa na mama, na kwamba dhana hiyo inaweza kukanushwa mahakamani kwa ushahidi. Kuhusu miaka 7, hapo ndipo kinapoishia. Hakisemi popote kwamba siku mtoto anapotimiza miaka 7 baba anaweza kwenda kumchukua, na hakuna afisa mwenye mamlaka ya kumkabidhi kwa hesabu hiyo.

Alikuja baba mmoja na wazee wawili wa ukoo, siku ileile mwanawe alipotimiza miaka 7, wakiwa wameshika cheti cha kuzaliwa ndani ya karatasi ya plastiki. Mtoto alikuwa amebeba begi la shule lenye mswaki na nguo mbili. Nilipomuuliza jina lake alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza: "La kwa baba au la kwa mama?" Upande wa mama alikuwa na jina la Kiislamu alilopewa siku ya akika, na upande wa baba alikuwa na jina la ubatizo. Kadi ya kliniki ilikuwa na moja, daftari la mahudhurio la shule lilikuwa na jingine. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, lakini swali lile sijalizoea.

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa kila mtoto haki ya jina, haki ya uraia, na haki ya kuwafahamu wazazi wake wa damu pamoja na ndugu wa familia pana. Naomba hilo la mwisho lisomwe vizuri. Kumzuia mtoto kwenda kuwaona ndugu wa upande mmoja kwa sababu tu ni wa kabila au dini nyingine si uamuzi wa kifamilia usiohojiwa na mtu. Kifungu hicho kimo katika Sehemu ya Pili ya Sheria, na anayekiuka masharti ya Sehemu hiyo akitiwa hatiani anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Hatupendi kufika huko, na mara nyingi hatufiki, ila ni vyema ijulikane kuwa njia hiyo ipo.

Kuhusu jina, utaratibu ni mwepesi endapo utafuatwa mapema. Kizazi husajiliwa ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe, kwa kutumia tangazo la kizazi linalotolewa na kituo cha afya alikozaliwa. Wazazi wakubaliane kabla ya kufika dirishani. Mtoto anaweza kuitwa majina matatu nyumbani bila kuvunja sheria yoyote, lakini jina la kwenye cheti ndilo linalopaswa kuandikwa kwenye kadi ya kliniki, kwenye rejista ya shule, na baadaye kwenye usajili wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Yakitofautiana, mzazi atalazimika kula kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo, kisha kuzunguka ofisi moja hadi nyingine akisahihisha, na wakati huo mtoto ndiye anayesubiri. Kwa mtoto yule niliyemtaja, jina la kwenye cheti ndilo lililobaki shuleni, na jina jingine linaendelea kutumika kwa bibi yake, jambo ambalo halina tatizo lolote.

Wazee hutuuliza, basi mila ziko wapi? Mila zipo, na sheria inazitambua. Kifungu hichohicho cha 125 kinaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto, kisha, chini ya hapo, izingatie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenye umri wa kujieleza, na mila za jamii wanayotoka wahusika. Mila ni jambo mojawapo, si neno la mwisho, na sababu yake inaonekana wazi katika jiji kama hili letu. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama na mjomba ana sauti kubwa. Kwa Wachagga ukoo hufuata upande wa baba. Mama Mluguru na baba Mchagga wakikaa Tabata na kila upande ukasema "kwa mila yetu mtoto ni wetu", wote wawili wanasema kweli, na mtoto hawezi kukatwa vipande.

Suala la dini ndilo linalohitaji uangalifu zaidi, na naomba nieleweke. Ofisi ya ustawi wa jamii haimchagulii mtoto dini. Uhuru wa kuabudu umelindwa na Ibara ya 19 ya Katiba, na wazazi wanaoishi pamoja ndio wanaokubaliana. Wakitengana na shauri likafika mahakamani, kifungu cha 126 cha Sheria ya Ndoa kinairuhusu mahakama, inapotoa amri ya malezi, kuweka masharti kuhusu mahali mtoto atakapoishi, elimu yake, na hata dini atakayolelewa nayo. Ninachoweza kushauri kutokana na ninayoyaona ni kwamba mtoto haumizwi na kuwa na Idi upande mmoja na Krismasi upande wa pili. Anaumizwa na mahojiano. Akirudi kutoka likizo anakalishwa mkekani na kuulizwa amekula nini, ameomba vipi, nani alimfunga hirizi, nani alimpa kitimoto, na kila jibu linageuka kosa la mzazi mwenzie. Ndani ya mwaka mmoja mtoto huyo hujifunza kusema uongo pande zote mbili, na akishaanza kudanganya sisi huitwa kusaidia "mtoto mwenye tabia mbaya". Masharti ya chakula na ibada yazungumzwe na watu wazima kabla ya safari, kwa simu, bila kumtumia mtoto kama mjumbe.

Kuhusu lugha nitasema machache. Mtoto kuzungumziwa lugha mbili au tatu nyumbani hakumfanyi awe na kigugumizi wala hakumcheleweshi, na kuzichanganya katika miaka ya mwanzo ni kawaida. Mtoto wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili katika lugha yoyote apelekwe kituo cha afya akapimwe, pamoja na masikio yake, badala ya familia kulaumu Kihaya cha bibi. Kiswahili atakipata tu hapa Dar es Salaam, hata msipokifundisha. Lugha ya bibi hataipata asipozungumziwa kwa lugha hiyo.

Lipo jambo moja ambalo heshima ya mila haiwezi kulifunika. Wapo wazazi wanaomruhusu binti aende likizo kwa ndugu, na huko akakeketwa bila mzazi wa upande wa pili kujua. Sitataja eneo wala kabila, kwa kuwa si sahihi kuinyooshea kidole jamii nzima. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake hakipungui miaka 5 wala hakizidi miaka 15. Mzazi mwenye wasiwasi asisubiri basi liondoke Mbezi. Apige simu namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto, au afike Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Kwa wanandoa waliofikia hatua ya kuachana, shauri la talaka halianzii mahakamani. Linapitia kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini, na likishindikana baraza hutoa hati inayothibitisha hivyo. Waliofunga ndoa ya bomani kwa sababu ya tofauti ya dini hutuuliza waende baraza gani; waende la kata. Baada ya hapo, mashauri ya ndoa na matunzo ya watoto kwa hapa jijini husikilizwa pia katika Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kilichopo Temeke. Maelezo haya ni ya elimu na hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria kwa shauri la mtu binafsi.

Wanaohitaji usuluhishi wetu kabla ya likizo wafike wazazi wote wawili, wakiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki kama ipo, na cheti cha ndoa au barua ya serikali ya mtaa. Huduma hailipiwi, na yeyote atakayeombwa fedha atoe taarifa. Wazee wanakaribishwa, ingawa wazazi ndio watakaoanza kuzungumza. Mtoto anayeweza kujieleza naye aje, kwa kuwa kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa haki ya kusikilizwa, lakini aletwe baada ya saa za masomo, na asiwe amefungashiwa nguo.